Sindano za Mwaka wa Themanini na Nne

Utange, Kisauni
9 Juni 2025

Kaka yangu Ghalib,

Assalaam alaykum. Sisi huku hatujambo, alhamdulillahi, na natumai wewe na mwanao Safa na mjukuu wako Riyadh mu wazima huko Lamu. Ningeweza kumtumia Safa ujumbe kwenye simu akuonyeshe, lakini jambo hili sitaki lipite mkononi mwa mtoto kabla halijafika kwako. Kwa hivyo nimerudi kwenye karatasi, kama tulivyozoea, kwa kuwa masikio yako hayasikii simu, na barua nimempa karani wa basi.

Jambo lenyewe ni hili. Mwezi ujao yaja chanjo mpya ya homa ya matumbo, ya watoto wa miezi tisa mpaka miaka kumi na minne. Watu wa afya wataka kuwachanjia hapa kwenye madrasa yetu, kwa sababu ndipo watoto walipo siku ya Jumapili, na wataka mimi niseme na wazazi. Wazazi nao hawataki maneno yangu. Kila ninayekutana naye aniuliza, "Mwalimu Ghalib yuasemaje?" Miaka mitano umeondoka na bado madrasa ni yako.

Wajua maji ya visima vyetu yalivyo. Tangu Ramadhani watoto watatu wa darasa langu wamelala na homa hiyo. Rukia, yule mwenye sauti nzuri, alikaa hospitali siku kumi na tisa, na aliporudi alikuwa hawezi kupanda vidato vya madrasa bila kushikwa.

Aliyekuja kuniomba ni Kahaso Munga, Mgiriama, mhudumu wa afya ya jamii wa mtaa huu. Hukumkuta, alianza kazi baada yako. Nilimuuliza kama sindano hii ina madhara. Nilitarajia anijibu haina, kama wajibuvyo wote. Akasema, "Mwalimu, baadhi nayajua. Mengine sijui. Nipe siku mbili nikaulize, nisije nikakwambia uongo."

Siku ya tatu akaja na ukurasa alioandika kwa mkono wake: mtoto aweza kupata homa, mkono kuvimba, kichwa kuuma, na mara chache sana mwili hukataa dawa papo hapo, ndiyo maana mtoto hukalishwa kwanza kabla ya kwenda kwao. Nikamuuliza kama ndani yake mna kitu cha nguruwe. Hilo pia hakulijua. Akaondoka tena, kwa miguu, jua la saa saba. Aliporudi alikuwa na ile karatasi ikaayo ndani ya boksi la dawa, tukaenda naye kwa mfamasia wa Bamburi, tukaisoma mstari kwa mstari. Hatukuona kitu cha namna hiyo.

Nimefundisha miaka mingi, kaka, na watu wazima niliowasikia wakisema "sijui" bila kuona haya nawahesabu kwa vidole. Mimi moyo wangu umeridhika. Naomba idhini yako.

Nduguyo,
Barke


Lamu
14 Juni 2025

Barke,

Waalaykum salaam. Barua imefika.

Jibu langu ni hapana. Anayetaka kumpeleka mwanawe zahanati, ampeleke. Lakini mlango wa madrasa usifunguliwe kwa sindano, wala jina langu lisitumiwe. Mwambie huyo mama kwa adabu.

Riyadh amejua kuandika jina lake.

Ghalib


Utange
18 Juni 2025

Kaka Ghalib,

Nimefanya ulivyosema. Sikufichi kuwa nimefanya kwa uzito.

Nilimwita Kahaso nikampa jibu lako. Hakubishana. Aliuliza neno moja tu: ni kitu gani hasa kinachomtia hofu Mwalimu, ili akakiulizie? Nikamwambia sijui, kwa sababu hukuniambia. Nikabaki nimesimama kama mtoto aliyetumwa akasahau alilotumwa.

Kwa hivyo nauliza mimi. Je, ni yale maneno ya barazani, kwamba watoto wa kike watakuwa tasa, kwamba kitu cha bure lazima kina mtego? Hayo twayasikia na huku. Lakini sikudhani yatakupata wewe. Wewe ndiwe uliyekuwa ukitupigia meza mtu akisema neno ambalo hakulisoma. Wewe uliyemwambia baba yetu mbele ya wageni kwamba hadithi aliyoitaja haina asili. Sasa wanipa "hapana" isiyo na sababu, nami niipeleke kwa watu mia na zaidi wanaongoja neno lako.

Jana mamake Rukia alikuja kuuliza. Alikaa kwenye mkeka, hakuomba chochote, alitaka kujua tu kama ana haja ya kumpeleka mdogo wake Rukia zahanati peke yake au angoje. Nilimwambia angoje. Niliona haya kusema hivyo.

Samahani kama nimevuka mpaka. Lakini nimekuwa nikikutii tangu nina miaka saba, na mara hii nataka kuelewa ninachotii.

Barke


Lamu
23 Juni 2025

Barke, ndugu yangu,

Hukuvuka mpaka. Nimeisoma barua yako mara tatu, na kila mara nimeona kuwa wewe una haki na mimi nina deni la maneno ambalo nimelikwepa miaka arobaini.

Si maneno ya barazani. Kaa chini usome.

Mwaka wa themanini na nne nilipata kifua kikuu. Wewe ulikuwa mdogo, wakumbuka tu kwamba nilikuwa nikilala chumba cha nje na kikombe changu kikiwekwa mbali. Nilikuwa nikikohoa damu. Hospitali walinipa vidonge, na sindano moja kila siku kwa siku sitini. Mama ndiye aliyekuwa akinipeleka, kila asubuhi, kwa miguu.

Wiki ya tano masikio yakaanza kulia, kama nyenje mchana kutwa. Nilimwambia yule mtu aliyekuwa akidunga. Hakuinua uso. Akasema, "Wataka kupona au hutaki?" Nilikuwa na miaka ishirini na miwili, nilitaka kupona, nikanyamaza. Siku mbili baadaye kichwa kilikuwa kikizunguka hata kusimama siwezi, nikamwambia mama leo siendi. Nikakaa kizingitini. Mama hakugombana nami. Alivua kanga yake ya kichwa, akafunga mkono wangu kwenye mkono wake, tukaenda hivyo njia nzima, watu wakitutazama.

Kifua kilipona. Mwaka uliofuata nikawa sisikii adhana ya msikiti ulio ukuta kwa ukuta na nyumba yetu. Watu wakasema ni ule ugonjwa, umepanda kichwani. Wewe pia uliambiwa hivyo, na mpaka leo ndivyo uaminivyo.

Mwaka wa tisini na moja nilionana na daktari mmoja wa masikio. Aliniandikia kwenye kijitabu changu kwamba si ugonjwa, ni zile sindano. Nikamwandikia: walijua? Akaandika: ndiyo, ilikuwa yajulikana.

Sikumwambia mtu. Ningemwambia nani? Ningekwambia wewe, ungemwambia mama. Na mama angekaa na ile kanga mpaka kufa kwake akijiuliza. Amekufa akijua kuwa aliniokoa, na ni kweli aliniokoa. Sikutaka aongezewe neno juu ya hilo.

Basi sikatai kwa ujinga wala kwa kusikia ya watu. Nakataa kwa sababu naikumbuka sauti ya yule mtu. Ni katika sauti za mwisho nilizozisikia sawasawa. Sindano moja huponya, na sindano hiyo hiyo yaweza kuchukua, na aliyeishika ajua, na hasemi. Watoto mia na arobaini wako pale kwa jina langu. Sitaki mtoto hata mmoja aje aniulize kama nilijua.

Sasa umejua wewe. Mama hayupo, kwa hivyo fanya na siri hii uonavyo.

Kakako,
Ghalib


Utange
27 Juni 2025

Kaka yangu,

Nimelia mpaka wanafunzi wakaogopa. Nilikumbuka siku zote ulipokuwa ukikaa pembeni watu wakicheka, nami nikidhani wewe ni mtu wa kupenda upweke.

Nakuomba radhi kwa yale ya barazani. Na sasa nakwambia kweli: na mimi nimeingiwa na hofu. Nilikuwa na uhakika wiki iliyopita, leo sina.

Nimefanya jambo ambalo huenda likakuudhi. Barua yako nilimpa Kahaso aisome. Umesema nifanye nionavyo, na sikuona mtu mwingine wa kumuuliza. Aliisoma amesimama, kisha akakaa chini akaisoma tena. Hakuniambia kitu cha kunituliza. Alisema, "Hili si la kujibiwa kwa mdomo," akaondoka. Siku ya pili hakuonekana mtaani.

Atakuandikia mwenyewe. Mpokee.

Barke


Utange
30 Juni 2025

Mwalimu Ghalib,

Shikamoo. Mimi ni Kahaso Munga. Nimesoma barua ambayo haikuandikiwa mimi, na kwanza naomba unisamehe.

Sikujua habari za sindano zile, kwa hivyo nilikwenda Frere Town kwa Bi Winfred, nesi mstaafu aliyenifundisha kazi hii. Nilimweleza bila kutaja jina lako. Akanieleza kwamba dawa ile ilikuwa ikidungwa kila siku kwa wiki nyingi kwa sababu ugonjwa ulikuwa ukiua, na kwamba iliweza kuharibu masikio, na yeye mwenyewe aliwadunga wengi. Nikamuuliza kama walikuwa wakiwaambia wagonjwa. Akasema, "Hatukuwaambia. Tuliogopa wakijua wataacha dawa, wafe." Halafu akasema, "Tungewaambia. Wengine wangebaki. Na aliyeanza kusikia kelele tungemsikiliza." Alipokuwa akinisindikiza langoni aliniomba nimpe pole mtu huyo, hata kama si yeye aliyemdunga.

Sasa yangu mimi. Mwalimu Barke ananisifu kwamba nasema sijui. Sikuzaliwa hivyo. Mwaka wa ishirini na moja, wakati wa korona, nilipita nyumba zote hizi nikisema chanjo ile haina neno lolote. Sikuwa na hakika, lakini nilitaka watu wakubali, na waliokubali walikuwa wanahesabiwa kwenye ripoti ya kazi yangu. Jirani yangu Sidi alichanjwa kwa neno langu. Akashikwa na homa na kutetemeka, siku mbili, yuko peke yake na watoto, akaamini anakufa. Alikuwa amewaambia watoto waende wakakae kwa nani. Alipona, na homa yenyewe ilikuwa ya kawaida, ya kupita. Ningemwambia sentensi moja tu asingeogopa hivyo. Hakunitukana. Aliacha kuniamkia, na sisi twachota maji kisima kimoja. Ilichukua mwaka mzima kabla sijapata ujasiri wa kwenda kumwomba msamaha.

Kwa hivyo nakuambia ninayoyajua. Chanjo hii ni sindano moja, si sitini. Haitibu, inafundisha mwili kuujua ugonjwa kabla haujafika. Yale ya homa na mkono kuvimba umeshaandikiwa. Nimeuliza kuhusu masikio kwa watu watatu, na kwenye karatasi ya dawa hayamo. Mtoto aliyewahi kudhurika vibaya na chanjo nyingine, au aliye na homa kali siku hiyo, hachanjwi. Na inapunguza sana ugonjwa lakini haimalizi. Maji bado yachemshwe. Zaidi ya hapo sijui, na nikijua jambo baya nitakuja kulisema mimi mwenyewe, siyo mtu mwingine.

Sikuombi ufungue mlango. Nilitaka tu mtu anayebeba kisanduku cha chanjo akwambie: ulistahili kuambiwa. Ulipouliza, ulistahili kujibiwa. Pole, Mwalimu.

Kahaso Munga


Lamu
3 Julai 2025

Barke,

Fungua mlango.

Lakini kwa masharti yangu. Jumamosi waite wazazi wote, baba na mama. Wasomee barua yangu ya tarehe ishirini na tatu, yote, na ya kanga usiiruke. Wajue mwalimu wao amepoteza masikio vipi. Kisha huyo Kahaso asimame aulizwe, na asipojua aseme hajui, kama afanyavyo.

Usiwaambie kuwa mimi nimekubali au nimekataa. Waambie nimeuliza nikajibiwa, nao waulize wajibiwe. Atakayesema hapana asifuatwe nyumbani kwake wala watoto wasimcheke mwanawe. Hilo litangaze kwa ukali, kwa jina langu.

Barua ya Kahaso nimeiweka peke yake, sikuichanganya na karatasi nyingine.

Ghalib


Utange
12 Julai 2025

Kaka yangu Ghalib,

Nakupa habari kwa utaratibu, maana najua hupendi kurukiwa.

Jumamosi walikuja wengi kuliko siku ya maulidi. Nilipofika pale pa mama na kanga nilishindwa kuendelea. Mzee mmoja akaichukua barua mkononi mwangu akaimalizia. Kina baba walikuwa wakitazama mikono yao.

Kahaso akasimama. Walimuuliza kwa saa mbili. Ya utasa aliulizwa na msichana aliyekaribia kuolewa, dada wa mwanafunzi wetu, akamjibu kwamba si kweli, bila kumcheka. Mara nne alisema sijui, akaandika swali kwenye daftari pamoja na jina la aliyeuliza, na kabla ya Jumapili asubuhi alikuwa amerudisha majibu matatu. La nne mpaka leo yuatafuta.

Yule fundi wa baiskeli tumwitaye Babu, mwenye watoto watatu kwetu, alisema mbele ya watu, "Mimi bado." Nilimwona Kahaso akiitikia kwa kichwa. Akamwambia, "Sawa, Babu. Ukiwa na swali, nyumba yangu waijua." Basi.

Jumapili wamechanjwa tisini na kitu. Wengine wamekwenda zahanati siku zilizofuata, wengine hawakwenda. Mamake Rukia alikuja na wote wawili. Yule mdogo alishikwa na homa jioni ile. Jumatatu mamake alinipitia akielekea sokoni, mtoto mgongoni. "Ile homa mliyosema ilikuja," akanambia, kama mtu anayenipa habari za mgeni aliyetazamiwa. "Nikamfuta kwa kitambaa cha maji, nikampa dawa, asubuhi imekwenda." Hakuwa na hofu hata chembe, kaka. Nilisimama pale nikikufikiria wewe wa miaka ishirini na miwili.

Alhamisi Babu alikwenda zahanati na mwanawe mkubwa peke yake. Akasema wawili waliobaki atawaleta baada ya kumwangalia huyu siku tatu. Wauguzi wakatazamana. Kahaso akamwambia siku tatu zinatosha, akamwonyesha aangalie nini.

Nimemuuliza Kahaso achokapo hufanya nini. Akasema huenda kuota jua kwa Sidi, wanapepeta mchele pamoja.

Barke


Lamu
16 Julai 2025

Kwa Bi Kahaso Munga,

Marahaba, binti yangu. Salamu nilizokawia kuzijibu nimezijibu.

Barke ameniandikia yote. Mimi nina langu la kukuongezea.

Jumatatu ilikuwa siku ya mwisho ya chanjo. Safa alikuwa amengoja kumpeleka mwanawe, hakutaka kunipa uzito, akidhani sitapenda. Asubuhi nilivaa kanzu nikamwambia twende na Riyadh. Kituoni kulikuwa na foleni ndefu na muuguzi kijana, msichana, jasho likimtoka. Ilipofika zamu yetu nilitoa kijitabu changu nikamwandikia kuwa mimi sisikii, na kwamba nina maswali.

Nilitazamia aniashirie nipite. Alisoma, akaweka bomba la sindano chini juu ya kitambaa chake, akavuta kiti, akachukua kalamu. Nikaandika, akajibu. Nikaandika tena. Ulikuwa ukurasa mzima na nusu. Mahali pamoja aliandika neno lile lako, sijui, akamwita mwenzake mkubwa, naye akaja akaandika chini yake. Watu wa nyuma yetu wakaanza kusogea. Nilijua wanalalamika, midomo naisoma. Yule binti hakuinua kichwa mpaka nilipomaliza.

Miaka arobaini na moja nimengoja mtu aketi hivyo. Nilimshika Riyadh magotini mwangu mimi mwenyewe. Alilia kidogo, akasahau.

Nilipokuwa nikiinuka, mama mmoja wa foleni akanigusa bega, akanyoosha kidole kwenye ule ukurasa. Nikauchana nikampa. Akausoma, akampa wa nyuma yake, na yule akampa mwingine. Tulipotoka nje niligeuka nikawaona wameinamisha vichwa, watatu juu ya karatasi moja, na muuguzi anawangoja wamalize.

Wako,
Ghalib